"Nataka kama hii": mwongozo wa sonara wa kubuni pambo lake bila kuiba la mwenzake

Kazi nyingi za dhahabu Unguja siku hizi huanzia kwenye simu. Mteja anaingia, anasalimia, anafungua picha aliyoiona Instagram au aliyotumiwa na wifi yake aliyeko Dubai, anaiweka juu ya kioo cha meza: "Fundi, nataka kama hii." Wewe una kodi ya duka na una kijana wa kumlipa mwisho wa mwezi. Ukimkatalia, atavuka uchochoro na sonara wa pili atamfanyia. Ukimkubalia hivi hivi, utalipwa gramu na ujira wa mkono, basi, kwa sababu kopi haina malipo ya kichwa.

Mwongozo huu ni wa fundi aliyesimama hapo katikati. Utamfaa pia anayechora tu na kumpelekea fundi kazi, na hata kina mama wa Bweleo na Fumba wanaotengeneza mapambo ya lulu na makombe ya chaza. Msimamo wangu ni huu: maumbo ni ya watu wote, maamuzi ya fundi juu ya umbo ni yake. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka humo.

Hatua ya 1: Ichambue picha kabla hujashika nyundo

Chukua karatasi, ipige mstari katikati. Kushoto andika kila kilichomo pichani ambacho hakina mwenyewe: ua, nyota, hilali, moyo, jani, mkufu wa pingu, kisanduku cha hirizi, waya uliosokotwa, jiwe la duara lililozungukwa na vijiwe vidogo. Kulia andika maamuzi: vijiwe ni vingapi, vina ukubwa gani mbele ya jiwe la kati, vimeshikwa namna gani, nafasi tupu imeachwa wapi, ukingo umemalizwa vipi, pambo linafungwa wapi, kipi kinafuata kipi. Vya kushoto chukua bila hofu. Vya kulia, kila unachokichukua kinakusogeza kwenye kopi, na ukishachukua vinne vitano kwa mpangilio ule ule huna tena la kujitetea.

Mstari huo wa katikati sikuuzua mimi. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kesi ya Herbert Rosenthal Jewelry Corp. dhidi ya Kalpakian. Kampuni iliyoshitaki ilikuwa na pini ya dhahabu ya kifuani yenye umbo la nyuki, na vijiwe vyeupe 19 mgongoni. Walioshitakiwa walikuwa na nyuki wao, wakasema wamemtoa kwa kuwachunguza nyuki wenyewe na picha zao vitabuni. Mahakama ikaona kwamba nyuki aliyepambwa vito ni wazo, na wazo halimilikiwi: kumzuia Kalpakian ni sawa na kumpa mtu mmoja nyuki wote wa vito. Mdai akashindwa.

Miaka 30 baadaye, mwaka 2001, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ikasikiliza kesi ya Yurman dhidi ya PAJ, kampuni mbili za mapambo. Bangili za Yurman zilikuwa na waya wa fedha uliosokotwa, dhahabu kidogo na mawe yaliyong'arishwa bila kukatwa nyuso. Hakuna hata kimoja ambacho ni kigeni kwa sonara yeyote duniani. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba namna vilivyopangwa pamoja ni kazi ya ubunifu, na aliyeiga mpangilio huo amevunja hakimiliki. Lakini Yurman alipodai pia kwamba "sura" nzima ya mapambo yake ni alama ya biashara yake, alishindwa, kwa sababu hakuweza kuieleza sura hiyo kwa maneno. Liweke akilini hilo, litarudi kwenye hatua ya 8.

Hizo ni hukumu za Marekani, hazimfungi hakimu wa Zanzibar. Ila zimeeleza mpaka vizuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kuyasikia dukani.

Na zipo picha mbili utakazoletewa mara nyingi kuliko nyengine zote. Ya kwanza ni ua la majani manne lenye vitone vya dhahabu ukingoni na jiwe bapa ndani, likajirudia kwenye mkufu: hiyo ni Alhambra ya kampuni ya Van Cleef & Arpels, ya mwaka 1968. Ya pili ni bangili ya Love ya Cartier, iliyobuniwa na Aldo Cipullo mwaka 1969, yenye vichwa vya skrubu na kufungwa kwa bisibisi. Ua la majani manne ni la zamani, halina mwenyewe. Ua hilo pamoja na vitone, jiwe bapa na mpangilio ule, unajua unachokifanya. Ukigonga jina lao ndani ya pambo, hapo hatuzungumzii tena kuiga. Hiyo ni bidhaa bandia, na ni kosa la jinai.

Hatua ya 2: Muulize mteja kitu gani khasa amekipenda

Mara nyingi mteja hajui. Picha imempendeza, basi. Kazi yako ni kumsaidia ajue, na hapo ndipo kopi inapoanza kufa yenyewe.

"Bibie, hebu nioneshe kwa kidole. Umependa hili ua, au umependa linavyokaa shingoni?"

"Linavyokaa. Halishuki sana."

"Na rangi?"

"Rangi hapana. Nyeusi siitaki kwenye harusi."

Kwa maswali mawili umeshapata kwamba anataka mkufu mfupi wenye vipande vinavyojirudia, wenye rangi ya kung'ara, wa kuvaliwa siku ya harusi. Hilo ni ombi la kazi. Uliza pia atauvaa na nini, atauvaa siku ngapi kwa mwaka, nani ataurithi, na bajeti yake ni gramu ngapi. Kisha mwambie wazi: "Nitakuchorea mitatu. Hakuna hata mmoja utakaokuwa huo wa kwenye simu, lakini utakaa shingoni vile vile." Maharusi wengi wakisikia kwamba hakuna mwengine Mji Mkongwe mzima atakayekuwa nao, simu wanaizima wenyewe.

Hatua ya 3: Acha dhahabu na mawe yakuamulie

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na masonara wengi wanairuka.

Mapambo mengi ya Ulaya unayooneshwa yametengenezwa kwa karati 18, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1000, au kwa platinamu. Mteja wako anataka karati 21 (875) au 22 (916), maana hiyo ndiyo inayoheshimika kwenye mahari na ndiyo itakayouzika siku ya shida. Dhahabu ikikaribia usafi inalainika. Vikucha vyembamba vya kushika jiwe vinavyosimama imara kwenye karati 18 vitapinda kwenye karati 22 kwa kukwama tu kwenye buibui. Kwa hiyo anayeiga picha ile milimita kwa milimita ameiga pambo litakaloharibika. Ongeza unene, punguza urefu wa kikucha, au acha vikucha kabisa na zungushia jiwe ukingo. Ukishafanya hivyo, uso wa pambo umebadilika, na umebadilika kwa sababu ya kweli.

Mawe nayo yana amri zao. Ikiwa pichani kuna almasi na mteja anataka tanzanaiti, kumbuka almasi ina ugumu wa 10 kwenye kipimo cha Mohs na tanzanaiti ina kati ya 6 na 7, na inaogopa kipigo na joto la ghafla. Pete ya kila siku inayolinyanyua jiwe hilo juu bila kinga ni hasara inayosubiri siku yake. Lishushe, lizungushie dhahabu, au lipeleke kwenye herini au kidani ambako haligongwi. Nusu lulu zinazofugwa Ghuba ya Menai zina tumbo la mviringo na mgongo bapa, hazitobolewi kama lulu nzima, na manukato na ndimu zinaziharibu. Zinadai kikalio chao. Ukikibuni hicho kikalio vizuri, ushapata kitu ambacho hakikutoka kwenye katalogi ya mtu.

Neno moja la pembeni: gamba la kasa ng'amba liache, hata likiletwa na mzee unayemheshimu. Biashara yake kuvuka mipaka imezuiwa kimataifa, na mtalii aliyelinunua kwako atakamatwa nalo uwanja wa ndege.

Hatua ya 4: Nenda kwenye chanzo

Usitafute wazo la herini kwenye herini. Ukitazama mapambo ya watu siku nzima, mkono wako utachora mapambo ya watu, hata kama hukukusudia.

Chukua karafuu. Kila duka la watalii lina herini ya karafuu, na zote zinafanana: kichwa cha duara, meno manne, kijiti. Ni umbo halali na ni letu, lakini limeshachoka. Nenda Pemba wakati wa mavuno, au mwombe mtu akuletee tawi bichi, ulitazame vizuri. Utaona karafuu hazikai peke yake. Zinatoka kwenye vikonyo vinavyogawanyika na kugawanyika tena, kwa pembe fulani. Makonyo ndiyo yanayotupwa pembeni wakati wa kuchambua, na ndiyo yenye mchoro mzuri kuliko karafuu yenyewe. Herini ya konyo tupu, yenye lulu ndogo moja mahali karafuu ilipochumwa, hiyo sijaiona dukani.

Milango ni hivyo hivyo. Watu huchukua ua la katikati kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye picha. Simama mbele ya mlango wa mtindo wa Kihindi, wenye vibao vya mraba na misumari ya shaba, kisha mbele ya mlango wa Kiarabu wenye maandishi juu. Tazama mfaa, ule mhimili wa katikati, namna nakshi yake inavyoanza chini na kuishia juu. Tazama mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu unavyokata kona, maana fundi seremala alikutana na tatizo lile lile utakalokutana nalo wewe kwenye bangili ya mraba. Chora jibu lake la kona. Hilo ni somo, na hakuna atakayekuambia umeiba.

Kanga ina somo jengine: pindo na mji, namna pindo linavyoubana mji bila kuushinda. Kidani kizuri kina uwiano huo huo.

Hatua ya 5: Chora, kisha uifiche picha

Mwambie mteja akutumie picha, uitazame siku ya kwanza tu, uchukue vipimo vya shingo na urefu, kisha usiifungue tena mpaka michoro imalizike. Chora kwa ukubwa halisi, kwa penseli, kwenye daftari moja lenye tarehe. Michoro mitano ya kwanza itakuwa ile picha imerudi kwa mlango wa nyuma. Endelea.

Hatua ya 6: Jaribu kwa shaba au nta

Usijaribu wazo jipya juu ya dhahabu ya mteja. Tengeneza kwa shaba ya manjano, umvalishe mtu, atembee, ainame, ajitande ushungi. Uzito wake utakudanganya, kwa hiyo piga hesabu: pambo la shaba ya manjano lenye gramu 5 likitengenezwa kwa karati 21 litakaribia gramu 10. Ukichonga kwa nta, ambayo itayeyushwa na nafasi yake kujazwa dhahabu, gramu 1 ya nta huzaa kiasi cha gramu 16 hadi 17 za karati 21. Ikiwa herini inavuka gramu 8 kwa sikio moja, rudi kwenye mchoro. Sikio halijui ubunifu.

Hapa pia utaona kama wazo lako linasimama lenyewe. Liweke pambo la shaba mezani pamoja na picha ya mteja, umwite mtu asiyehusika, jirani au shemeji, umuulize swali moja: "Hivi vimetoka kwa fundi mmoja?" Akisema ndiyo, muulize nini kimemfanya aseme hivyo, na hicho ndicho cha kubadilisha. Usimuulize kama vinafanana. Kila mkufu unafanana na mkufu.

Hatua ya 7: Kwa mapambo ya kale, iga kwa uwazi

Mteja akikuletea kekee (bangili pana) ya bibi yake, au furungu (pambo la kifundo cha mguu), au hirizi ya fedha ya Kiomani, na kusema "nifanyie kama hii", mfanyie. Maumbo hayo ni urithi, na yasipoigwa yatakufa. Kuna sharti moja tu: usimwambie mtu kwamba kazi ya mwezi uliopita ni ya kale. Familia ya Castellani ya Rome ilijenga jina kubwa katika karne ya 19 kwa kuiga dhahabu ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, na waliiuza kwa kujivunia kwamba ni uigaji wao. Hawakuhitaji kuipaka vumbi.

Na ukiona kidani chenye reale ya Maria Theresa, usikimbilie kusoma mwaka. Reale zile ziliendelea kupigwa muda mrefu baada ya malkia kufa, Vienna na miji mengine, zote zikiwa na mwaka wa 1780. Kidani kinaweza kuwa cha juzi na sarafu yake ikasema kina zaidi ya miaka 200. Tazama lehemu, tazama pete ya kuning'inizia ilivyochakaa, na nyuma ya nakshi kama kuna alama za tupa.

Ukitaka kutoka kwenye kale kwenda kwenye lako, badilisha kazi ya pambo: hirizi iwe kifungio cha mkufu, furungu ishuke ukubwa iwe pete.

Hatua ya 8: Andika, kisha sajili

Hakimiliki ya mchoro wako inazaliwa pale unapouchora. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo hautaki usajili ndipo ulindwe. Shida ni ushahidi. Weka daftari lenye tarehe, picha za kila hatua pamoja na mizani, risiti za dhahabu, na meseji za mteja. Kisha, kwa kila pambo la maana, andika sentensi tatu zinazoeleza uamuzi wako: "Vikonyo vitatu vinatoka kwenye shina moja, cha kati kimekatwa, lulu iko mahali pa mkato, nyuma kuna waya mmoja usioungwa." Yurman alishindwa sehemu hii akiwa na mawakili, wewe andika mapema.

Zanzibar ina sheria zake za mali ya ubunifu, mbali na za Bara. Masuala ya hakimiliki yanapelekwa ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ambayo wengi wanaijua kwa jina la COSOZA. Alama ya biashara na umbo la bidhaa vinasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar, chini ya Sheria ya Mali za Viwandani ya 2008. Ukisajili alama Unguja, usidhani umelindwa Kariakoo. Huko ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, kwa maombi mengine na ada nyengine. Usajili wa umbo unataka liwe jipya, kwa hiyo uliza kabla hujaliweka Instagram. Fundi anayetoa mapambo mapya kila wiki hana haja ya kusajili yote. Sajili jina na alama unayoigonga nyuma ya pambo karibu na namba ya karati, kisha sajili umbo moja au mawili yanayokulisha.

Na mteja aandikiane nawe, hata kwenye kitabu cha risiti: "Mteja amenunua pambo. Mchoro ni wa fundi. Fundi hatarudia mpangilio huu kwa mteja mwengine kwa muda wa miaka ___." Bei igawe mistari mitatu: dhahabu kwa gramu, ujira wa mkono, ujira wa mchoro. Mstari wa tatu ukiwa mdogo kiasi gani, uwepo.

Hatua ya 9: Linda kalibu

Watu wanaogopa picha za mtandaoni, na wizi unapita kwenye kalibu ya mpira, yaani chombo chenye nafasi ya umbo la pambo lako ndani yake. Ukipeleka nta au kielelezo kwa mmiminaji, anatengeneza kalibu ya mpira, na kalibu hiyo inaweza kutoa nta nyingi mno baada ya wewe kuondoka. Kabla ya kazi, kubalianeni kwamba kalibu ni yako na utaondoka nayo. Lipia, ichukue, iandike namba, ifungie. Kijana wako naye apewe utaratibu huo huo kwa maneno mazuri, sio siku ya ugomvi.

Hatua ya 10: Ukikuta pambo lako kwenye kioo cha mwengine

Usiingie na makelele. Mtume mtu alinunue, au akalipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene. Pambo lililonakiliwa kutoka kwenye pambo lako kwa kalibu hutoka dogo kwa asilimia chache, kwa sababu mpira, nta na dhahabu vyote husinyaa, na ncha za nakshi zinakuwa butu. Dosari ndogo uliyoiacha wewe nyuma itakuwepo pia. Ukikuta hivyo, hilo ni pambo lako. Ukikuta vipimo ni vyengine na wazo tu ndilo linalofanana, basi amekuona akafanya lake, na haki hiyo anayo kama uliyokuwa nayo wewe mbele ya mlango wa mtu.

Likiwa ni nakala, anza kwa kwenda mwenyewe baada ya sala ya Alasiri, na daftari lako mkononi, peke yenu. Mji ni mdogo na masonara wanajuana. Wengi hutoa pambo kwenye kioo siku hiyo hiyo kuliko jina lao kutembea barazani. Akikataa, mwandikie barua, weka nakala, ambatanisha picha zenye tarehe, mpe siku 14. Baada ya hapo ndipo uende ofisi ya hakimiliki, au BPRA ikiwa umbo au alama ulisajili, ukiwa na pambo lake, pambo lako, kalibu na zile sentensi tatu.